Kontena la Programu: Nini Kiingie, Nini Kibaki Nje



Kila mmoja wetu hapa amewahi kusimama dirishani akaambiwa, "Mtandao uko chini, rudi kesho." Mara nyingi mtandao wenyewe hauna kosa. Umeme upo, mkongo ni mzima, seva inawaka. Ila jana jioni mtu alibadilisha kitu. Programu iliyokuwa ikienda vizuri kwenye kompyuta yake ilipofika kwenye seva ilikuta maktaba za toleo jingine, au faili fulani halipo, au nenosiri la hifadhidata si lile. Kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na maktaba na faili inazozihitaji, lilikuja kupunguza jioni za namna hiyo, na limezipunguza kweli. Lakini limeleta kazi mpya ambayo hatuifundishi vya kutosha. Anayejenga kontena analazimika kuamua, kwa kila kitu alicho nacho, kama kitaingia ndani au kitabaki nje. Makosa mengi ninayoyaona kwenye mifumo yetu yanatokana na uamuzi huo kufanywa ovyo, au kutofanywa kabisa.

Wengi huanzia somo hili bandarini, kwa kreni za Kurasini na makontena ya chuma. Mimi sitaanzia huko, maana mfano huo unapotosha mahali penye umuhimu. Kontena la meli lina kuta. La programu halina. Ukiingia kwenye seva ya Linux ukaomba orodha ya michakato yote inayoendeshwa, programu iliyo ndani ya kontena utaikuta humo humo pamoja na mingine. Kiini cha mfumo endeshi ni kimoja kwa wote. Kazi ya kiini hicho ni kuifanya programu isione faili, watumiaji wala mitandao ya wenzake, kisha kuiwekea ukomo wa kumbukumbu na wa nguvu za kichakato.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wito wa mfumo uitwao chroot ulikuwamo kwenye Unix toleo la 7, mwaka 1979. FreeBSD ikaleta jela zake mwaka 2000. Mfumo wa kuiwekea michakato ukomo ulianza kuandikwa mwaka 2006 na Paul Menage na Rohit Seth wa Google, ukaingia rasmi kwenye Linux Januari 2008. Kisha Machi 2013, kwenye mkutano wa PyCon huko Santa Clara, Marekani, Solomon Hykes akapanda jukwaani kwa dakika tano akaonyesha Docker. Hykes hakubuni kontena. Alichofanya ni kulifanya lishikike: mwanaprogramu wa kawaida akaweza kulieleza kwa faili fupi, kulijenga, kulipa jina na kulituma, na mwenzake akaliwasha kwa amri moja.

Kwa kuwa hakuna kuta, msijidanganye kuhusu usalama. Februari 2019 ilitangazwa kasoro kwenye runc, kile kiprogramu kinachowasha makontena chini ya Docker na Kubernetes (hii nitaifikia mwishoni), iliyoweza kumruhusu mhalifu aliye ndani ya kontena kuikamata seva nzima. Viraka vilitoka haraka. Hata hivyo ninakutana na imeji nyingi, yaani vifurushi ambavyo makontena huwashwa kutokana navyo, ambazo programu zake bado zinaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, eti kwa sababu hivyo ndivyo zilivyokuja. Mistari miwili tu inatosha kuunda mtumiaji wa kawaida na kumkabidhi programu. Iandikeni.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuushike hadi mwisho. Kuna SACCOS ya walimu wilayani. Ina programu iliyoandikwa kwa Python; wanachama wanaangalia akiba kwa simu, wanaomba mkopo, wanarejesha kwa pesa za simu. Hifadhidata ni PostgreSQL. Mwanaprogramu ni mmoja, kijana, na bando analinunua mwenyewe.

Kijana huyu anaandika faili liitwalo Dockerfile. Mstari wa kwanza unataja imeji ya kuanzia, inayofuata inanakili faili na kusakinisha maktaba, wa mwisho unasema programu iwashwe vipi. Wengi hawatilii maanani kwamba mpangilio wa mistari ni pesa. Mistari inayogusa faili huzaa kila mmoja tabaka lake, na mashine hutumia tena matabaka ya zamani mpaka ifike kwenye mstari uliobadilika; kuanzia hapo hujenga upya yote yanayofuata. Akinakili msimbo wote kwanza ndipo asakinishe maktaba, basi akisahihisha herufi moja kwenye ukurasa wa mikopo, maktaba zote zinasakinishwa upya na tabaka lao zima linapandishwa upya. Tuseme tabaka hilo lina megabaiti 300 na kasi yake ya kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde. Hizo ni dakika 20 za kusubiri, na bando linaliwa. Akigeuza mpangilio, yaani anakili kwanza orodha ya maktaba peke yake, asakinishe, ndipo anakili msimbo, tabaka zito linabaki lilivyo na kinachopanda ni msimbo tu. Megabaiti 3 zinapanda kwa sekunde 12. Vitabu vingi vya ughaibuni hutaja jambo hili kwa sentensi moja na kupita. Kwetu ndilo linaloamua kama kijana atarekebisha hitilafu leo au ataisogeza hadi Jumatatu.

Na kuna la kushusha pia. Docker Hub, ghala ambalo wengi huchukulia imeji, liliweka ukomo Novemba 2020: asiyejiandikisha alipewa mara 100 kwa kila saa 6, na hesabu inafuata anwani ya mtandao. Chuo chenye maabara nzima inayotokea kwenye anwani moja kinaweza kuumaliza ukomo huo kabla ya chai ya saa nne. Wakuu wa maabara, wekeni ghala lenu la ndani. Programu ya kuliendesha ni ya bure.

Turudi kwenye swali la ndani na nje. Maktaba ziingie, na matoleo yake yatajwe kwa namba kamili, si "toleo la karibuni kabisa", kwa sababu la karibuni kabisa leo si la karibuni kabisa mwezi ujao. Msimbo uingie. Nenosiri la hifadhidata lisiingie. Ufunguo wa kuunganisha mfumo na kampuni ya simu usiingie. Hapa kuna mtego ambao umewanasa hata wazoefu. Mtu ananakili faili la siri ndani ya imeji, analitumia wakati wa kujenga, kisha kwenye mstari unaofuata analifuta. Akiwasha kontena na kulitafuta, halioni, anaridhika. Lakini tabaka la juu limelifunika tu. Tabaka la chini bado linalo, na yeyote mwenye imeji hiyo anaweza kulifungua tabaka hilo na kulisoma. Imeji ikishapandishwa kwenye ghala la wazi, siri hiyo hairudi tena. Dawa pekee ni kubadilisha nenosiri.

Siri na mipangilio vikae nje, kontena livipokee linapowashwa, kwa vigeu vya mazingira au kwa hazina ya siri ya mtoa huduma. Adam Wiggins na wenzake wa kampuni ya Heroku waliliandika jambo hili mwaka 2011 katika kanuni zao kumi na mbili, na hadi leo halijazeeka. Faida yake ni kwamba imeji iliyojaribiwa ndiyo ile ile inayowekwa hewani. Hujengi moja ya majaribio na nyingine ya kazi. Kinachobadilika ni anwani ya hifadhidata na funguo.

Mipangilio ina vituko vyake. Cha kwanza humpata karibu kila mwanafunzi. Programu inafanya kazi nyumbani. Kwenye wingu kontena linawaka, halilalamiki, na hakuna anayeifikia. Sababu: programu imeambiwa isikilize kwenye 127.0.0.1, yaani ijisikilize yenyewe. Ndani ya kontena anwani hiyo inaishia ndani ya kontena. Inapaswa kusikiliza kwenye 0.0.0.0, na kwenye mlango ambao jukwaa la wingu limeutaja. Cloud Run ya Google, kwa mfano, huutaja kupitia kigeu kiitwacho PORT, na kwa kawaida ni 8080.

Cha pili ni saa, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Makontena mengi huzaliwa yakifuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kompyuta ya kijana wetu ilikuwa kwenye saa ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila kitu kilionekana sawa. Kwenye wingu, siku ya programu inakwisha saa tisa usiku kwetu. Mwanachama anayerejesha mkopo saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari anaandikiwa 31 Desemba. Kama vitabu vya SACCOS hufungwa 31 Desemba, malipo hayo yameingia mwaka uliokwisha, na mkaguzi atakapokuja Machi atakuta tofauti isiyoelezeka kati ya taarifa ya kampuni ya simu na leja. Kijana atasema aweke kigeu TZ kiwe Africa/Dar_es_Salaam, na yuko sahihi nusu. Baadhi ya imeji ndogo, kama ile ya Alpine, hazibebi data ya majira ya dunia. Kigeu kinawekwa, data haipo, na saa inabaki UTC bila onyo lolote. Lililo bora ni kutunza nyakati zote kwa UTC kwenye hifadhidata, na kuandika waziwazi ndani ya programu kwamba siku ya kazi ni ya Afrika Mashariki, popote inapofunga hesabu au kuchapa taarifa. Na muijaribu kwa muamala wa saa saba usiku, si wa saa nne asubuhi.

Cha tatu ni namna kontena linavyozimwa. Jukwaa linapotaka kuweka toleo jipya, hulitumia lile la zamani ishara iitwayo SIGTERM: maliza ulichonacho, ufunge. Docker husubiri sekunde 10, Kubernetes 30, isipokuwa umeagiza vingine. Muda ukipita, inakuja SIGKILL, nayo haina subira. Watu wengi huwasha programu kupitia skripti fupi inayoandaa mambo mawili matatu kisha kuiita. Skripti hiyo inakuwa mchakato namba 1, inapokea ishara, na haiipitishi kwa programu. Programu haijui kwamba inatakiwa kufunga. Inaendelea kupokea wateja mpaka sekunde ya mwisho, kisha inakatwa katikati. Kama wakati huo ilikuwa imekwisha kuiomba kampuni ya simu ikate shilingi 50,000 za mwanachama lakini haijaandika kwenye leja, mwanachama ana ujumbe wa makato kwenye simu yake, na SACCOS haina habari. Mhasibu atasema ni mtandao. Neno moja, exec, mbele ya mstari wa mwisho wa skripti lingeiweka programu kwenye nafasi namba 1 na ishara ingefika. Programu nayo lazima iandikwe iiheshimu ishara hiyo, na kila ombi la malipo liandikwe kwenye leja kama "linasubiri" kabla halijatumwa. Kontena halikulindi na uzembe wa hesabu.

Kumbukumbu nitaipitia haraka. Ukiona kontena limekufa kwa namba 137, hiyo ni 128 jumlisha 9, na 9 ndiyo SIGKILL. Mara nyingi maana yake limevuka ukomo wake. Usikimbilie kuongeza ukomo. Tazama kwanza kama kuna taarifa inayosoma miamala ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kubaki nje, nacho ni data yenyewe. Kontena likiondolewa, kilichoandikwa ndani yake kinaondoka nalo. Picha za vitambulisho vya wanachama zikihifadhiwa ndani ya kontena la programu, toleo jipya likiwekwa hewani hazipo. Ziende kwenye hifadhi ya mafaili ya mtoa huduma. Na hifadhidata ya SACCOS ningeiacha kwenye huduma inayotunzwa na mtoa wingu, yenye nakala rudufu za kila siku, kuliko kumwachia kijana mmoja aiendeshe kwenye kontena.

Wapi tuweke vyote hivi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Ulaya. Hata mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani mpaka Safaricom ilipoihamishia nyumbani mwaka 2015. Sasa kuna chaguo karibu zaidi: Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Umbali una bei yake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo njia ya kilomita 10,000 ni sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi, hata vifaa vyote vikiwa vya kisasa. Kwa ombi moja hilo si neno. Lakini nimeona mfumo ambao kontena lilikuwa bara moja na hifadhidata bara jingine, kila moja limechaguliwa na mtu wake. Ukurasa unaouliza hifadhidata mara 40 hapo unachukua sekunde 4, na watumiaji wanailaumu simu. Kontena na hifadhidata yake vikae kituo kimoja, hilo halina mjadala.

Na mikongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na huduma za intaneti Tanzania na kwa majirani zikazorota vibaya. Siku ile, mwalimu aliyeko wilayani na SACCOS yake iliyo mtaa wa pili walitenganishwa na bahari. Kwa mfumo ambao watumiaji wake wote wako nchini, kituo cha data cha nchini kinastahili kupigiwa hesabu kwa makini, hata kama huduma zake ni chache. Sheria nayo inauliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwake ya 2019. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kuchagua kituo kwenye menyu ya mtoa huduma ni tendo la kisheria, na bodi ya SACCOS ndiyo itakayoulizwa, si kijana.

Limebaki swali ambalo najua mmekuja nalo: Kubernetes. Google iliitangaza Juni 2014, ikatoa toleo la 1.0 Julai 2015, baada ya uzoefu wa zaidi ya miaka kumi wa kuendesha mfumo wao wa ndani uitwao Borg. Ni kazi nzuri sana. Unaeleza hali unayoitaka, nakala tatu za programu hii, toleo hili, kumbukumbu kiasi hiki, na mtambo haulali ukilinganisha kilichopo na ulichotaka, ukisahihisha tofauti. Kontena likifa linawashwa jingine. Benki yenye mifumo mingi na kikosi cha mafundi wa zamu inaihitaji. Lakini imekuwa kama cheti cha ujanja. Nakutana na taasisi ndogo zilizoinunua kwa sababu ilionekana kwenye wasilisho la mshauri. Amazon hutoza senti 10 za dola kwa saa kwa kusimamia klasta (kundi la seva zinazoendeshwa pamoja) moja tu, yaani dola 73 hivi kwa mwezi kabla hujalipia seva zinazoendesha makontena yenyewe. Ankara inakuja kwa dola, SACCOS inakusanya shilingi. Hiyo bado ni sehemu ndogo. Gharama kubwa ni mtu wa kuielewa inapogoma, kuipandisha toleo kila baada ya miezi kadhaa, na kusoma mafaili ya mipangilio yaliyoandikwa na mtu aliyekwisha hama kazi.

Kwa SACCOS yetu hukumu yangu ni hii. Imeji moja iliyopangwa vizuri, yenye mtumiaji wa kawaida na matoleo yaliyotajwa. Jukwaa linalowasha makontena bila klasta ya kutunza, au hata seva moja ya kawaida yenye Docker na nakala mbili za programu. Hifadhidata ya kutunziwa, kwenye kituo hicho hicho. Siri nje. Siku ya kazi ya Afrika Mashariki imeandikwa ndani ya msimbo. Maelekezo ya kuwasha mfumo wote upya yachapwe kwenye karatasi, na kabla ya kulipa ankara ya kwanza, mtu mwingine asiye yule kijana ayafuate mwanzo hadi mwisho akiwa peke yake chumbani. Akishindwa, kazi haijapokelewa.